Roketi Ikitua, Nani Atabaki?

Kwenye safu hii tunaongea yale ambayo wengi wetu tunayameza kimya kimya mpaka yanageuka vidonda vya tumbo.

Mada ya mwezi huu imeanzia nyumbani kwangu Kimara, tena kwenye gemu la kompyuta. Usicheke. Twende pamoja taratibu, utaona inakokwenda.

Ilikuwa Ijumaa usiku. Watoto wamelala, umeme upo, mimi niko sebuleni nakunja nguo za shule. Mume wangu yuko mezani na laptopu yake. Ghafla akapiga meza kwa kiganja: "Jamani, hawa watu hawana shukrani hata kidogo!"

Nikadhani anawasema ndugu zake, nikasogea haraka nisikie vizuri. Kumbe anawasema watu walioko sayari ya Mars!

Gemu lenyewe linaitwa Surviving Mars. Lilitoka Machi 2018, limetengenezwa na kampuni ya Haemimont Games ya Bulgaria. Humo ndani wewe ni kama mkuu wa wilaya, ila wilaya yako ni jangwa jekundu lisilo na hewa. Unajenga makuba makubwa ya kioo, unatafuta maji, unatengeneza hewa ya kupumua, halafu unaagiza walowezi kutoka Duniani. Wanakuja kwa roketi, kundi la kwanza watu 12 tu, na wewe kazi yako ni kuhakikisha wanaishi.

Mume wangu alikuwa amehakikisha. Tatizo ni kwamba roketi ilitua kuleta mizigo, na ilipogeuza kurudi Duniani, walowezi wake saba wakapanda wakaondoka zao. Hawakuaga.

"Hewa nimewapa," akalalamika, anahesabu kwa vidole. "Maji nimewapa. Chakula kipo, mashamba yale pale. Nyumba wanazo. Sasa wanataka nini tena?"

Nikainama nikaangalia kioo cha kompyuta. Nikaona mitambo, mabomba, majumba ya kulala, viwanda. Basi.

"Wakitoka kazini wanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Wanakwenda kulala."

"Duka liko wapi? Mahali pa kukaa wakanywa chai, wakapiga soga, pako wapi?"

"Mke wangu, hii ni Mars."

"Haya. Basi ndiyo maana wanaondoka."

Niliisema kama utani, nikarudi kwenye nguo zangu. Lakini shati moja la mtoto nililikunja mara tatu. Kwa sababu, msomaji wangu, sasa nikuambie siri ambayo mume wangu alikuwa haijui: wiki ile ile nilikuwa nimeshampigia simu dalali wa Sinza mara tatu. Vyumba viwili, choo ndani, maji yapo, kodi ya miezi sita mbele. Nilikuwa nimeanza hata kupiga hesabu ya nani wa kubeba makochi.

KUISHI NI KITU KIMOJA, KUBAKI NI KINGINE

Siku mbili baadaye nikamwomba anifundishe lile gemu. Alifurahi, maskini, akadhani amepata mwenzake. Mimi nilikuwa natafuta jibu langu.

Nikajifunza kwamba kila mlowezi anapimwa kwa mambo manne: afya yake, utulivu wa akili yake, raha anayoipata pale anapoishi, na morali yake ya kazi. Hewa, maji na chakula vinamfanya asife. Akipangiwa zamu za usiku, au akifanyishwa kazi kupita kiasi, akili inachoka. Lakini ile raha ndiyo yenye mambo. Kila mlowezi ana anachokipenda. Mwingine anapenda kuzunguka madukani, mwingine mazoezi, mwingine kukaa na wenzake tu. Akikitafuta akakipata, raha inapanda. Akikikosa, inashuka kidogo. Kesho inashuka tena kidogo.

Na hapa ndipo niliposhika kichwa. Raha ikifika sifuri, mlowezi hagombani na mtu, wala haitishi kikao. Anakuwa tu na hamu ya kurudi Duniani. Siku roketi ya kurudi ikitua, anapanda.

Je, wewe humjui mtu wa namna hiyo? Mimi namjua, nilikuwa natazamana naye kwenye kioo cha bafuni kila asubuhi.

Wanaume wengi, na wanawake pia siku hizi tusijidanganye, wanaamini kwamba kazi yao imekwisha pale mwenza anapokuwa na paa, chakula na ada ya watoto. "Nimkoseshee nini?" Ukiuliza hivyo unauliza kuhusu uhai wake, wakati yeye anatafuta sababu ya kubaki. Mtu anaweza kuwa hai miaka kumi ndani ya nyumba yako na moyo wake ukawa ulishafunga mizigo mwaka wa tatu. Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Sisi huwa tunaukumbuka msemo huo kwenye kuweka akiba, tunasahau kwamba hata kinyongo kinajaa kwa mtindo huo huo.

MBONA KWENYE PAGALE TULIKUWA NA FURAHA?

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kiwanja chetu tulikinunua mwaka 2011, enzi zile Kimara bado iko Wilaya ya Kinondoni, kabla Ubungo haijamegwa. Wengi wa rika letu ndivyo tulivyofanya: umechoka kupanga Manzese, Magomeni au Mwananyamala, kipato cha kununua mjini huna, unapanda na Barabara ya Morogoro mpaka mfuko wako unaposema hapa hapa. Mwaka 2014 tukahamia kwenye pagale. Dari hakuna. Madirisha mawili yana nondo, mengine tumeziba kwa mabati. Maji ni ya mkokoteni, dumu kwa dumu, na bonde letu lile mwenye mkokoteni akifika juu anahema kama amekimbia mbio ndefu, na bei inapanda kwa kadiri anavyohema.

Na tulikuwa na furaha, nakuapia! Tulikuwa tunakaa nje kwenye matofali, tunapanga hapa patakuwa jiko, hapa baraza, hapa tutapanda mwembe.

Leo dari ipo. Vigae vipo. Upanuzi wa mtambo wa Ruvu Juu ulipandisha uzalishaji kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, bomba likafika mtaani kwetu, na tenki tunalo. Sasa iweje nitake kukimbia leo, wakati kwenye mabati sikukimbia?

Jibu nililipata kwa mdogo wangu wa kiume, mgonjwa mwingine wa magemu. Yeye anacheza linaloitwa RimWorld, la Ludeon Studios ya Kanada, lililokamilika Oktoba 2018. Humo walowezi wanaanza wakiwa hawana kitu, chombo chao kimeanguka porini. Na gemu linawapa nyongeza ya furaha kwa sababu hawategemei mengi. Lala chini, kula chochote, fresh tu! Lakini makazi yakitajirika, ile nyongeza inapungua. Kadiri mali inavyoongezeka ndivyo matarajio yanavyopanda. Mtu yule yule aliyevumilia turubai, sasa chumba kidogo kinamuudhi.

Wengine wataita hiyo kukosa shukrani. Mimi naona ni ubinadamu. Kwenye pagale tulikuwa hatuishi kwenye nyumba ile, tulikuwa tunaishi kwenye nyumba tuliyokuwa tunaipanga. Siku ujenzi ulipokwisha na mipango ikaisha. Hatukuwa tena na jambo la kuongea pale kwenye matofali, na matofali yenyewe yalishaisha. Yeye akanunua laptopu, mimi nikampata dalali.

Mdogo wangu akanionyesha na jambo lingine. Katika gemu hilo mlowezi akila chakula bila meza, anapungukiwa pointi 3 za furaha. Ndiyo, meza! Tumbo limeshiba, lakini amekula amesimama au amekaa chini kama hana kwake, na moyo unaandika. Nikakumbuka sisi tuna meza ya watu sita na hatujaila pamoja siku ya kazi tangu mtoto wa pili aanze shule.

ANAYECHAGUA NA ANAYELIPA

Tuseme ukweli sasa. Kwa nini hatuli pamoja? Kwa sababu mume wangu anafanya kazi Kibaha na mimi nafanya kazi Posta.

Yeye anatoka nyumbani jua limeshachomoza, anakwenda kinyume na foleni, na tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe zile kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha, safari yake imekuwa ya kusikiliza muziki. Saa kumi na moja jioni yuko kwake, ameshavua viatu.

Mimi saa kumi na moja hiyo hiyo, lakini ya alfajiri, niko barabarani. Kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza Mei 2016, nilikuwa nageuza. Msomaji wa Kimara unajua kugeuza: unapanda daladala linaloelekea Mbezi ambako huendi, unalipa nauli, ili likigeuka kurudi mjini uwe umeshakaa kwenye siti. Unalipa mara mbili ili upate pa kukalia. Mwendokasi ulipokuja ukapunguza adha, sikatai, lakini Kimara ni ya watu wengi na sote tunataka kufika mjini saa mbili. Jioni narudi, natembea bonde letu gizani, nafika saa mbili usiku. Watoto wana dakika ishirini nami kabla ya kulala.

Yaani mimi na yeye tulikuwa tunaishi nyumba moja lakini Kimara mbili tofauti. Ya kwake ina upepo, kuku, mwembe na utulivu. Ya kwangu ina giza la kutoka na giza la kurudi. Halafu nani aliyechagua kiwanja? Sisi wote, ndiyo, lakini wakati ule mimi nilikuwa nafanya kazi Ubungo. Kazi ilihama, na hakuna aliyeuliza tena kama Kimara bado inatufaa wote.

Hili naomba ulibebe: katika nyumba nyingi anayefaidi makazi siye anayeyalipia. Na mara nyingi anayefaidi hana ubaya wowote, ni kwamba tu haioni bili. Mume wangu alidhani sote tunaishi kwenye ile Kimara yake.

WALIOONDOKA NA WALIOONDOLEWA

Kuna kitu kingine kilichonipunguzia raha, ambacho nilichelewa kukielewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda juu, ziliwekewa alama ya X na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Ya kwetu iko bondeni ndani, haikuguswa. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea.

Lakini barabarani pale kulikuwa na duka la mama mmoja ambapo nilikuwa nasimama kila jioni nikishuka kwenye gari. Nanunua mkate, nasikia nani kajifungua, nani kafiwa, nacheka kidogo, ndiyo naanza kushuka bondeni. Kikundi chetu cha vikoba kilikuwa kinakutana nyuma ya duka lile. Baada ya bomoabomoa, mmoja akaenda Kiluvya, mwingine Kibamba, mwingine akarudi mkoani. Vikoba vikafa. Nyumba yangu ilibaki imesimama, lakini mahali pangu pa chai palikuwa pameondoka. Niliyemuuliza mume wangu "wanakunywa chai wapi" nilikuwa najiuliza mwenyewe.

Na nchi yetu ina somo refu kuhusu mambo haya ya kuhamisha watu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji. Mamilioni walihama, na wengi hawakuulizwa. Vijiji vilikuja na mambo mazuri: shule, zahanati, na kwingine maji. Lakini wapo waliojikuta mashamba yao yako mbali, minazi na mikorosho yao imebaki kule walikotoka, makaburi ya wazee yako kule. Miaka ilivyosogea na mkono wa serikali ulivyolegea, wengine walirudi polepole kwenye mashamba yao ya zamani. Wengine wakabaki, kwa sababu watoto walishazoea ile shule.

Hata hapa Dar tuna Gezaulole, kule Kigamboni kando ya bahari, mojawapo ya vijiji vya ujamaa vya mwanzo wa miaka ya 1970, ambako watu wa mjini wasio na kazi walipelekwa wakalime. Jina hilo ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Wapo waliojaribu wakaona, wakabaki. Wapo waliojaribu wakaona, wakarudi mjini. Na mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, vijana walikuwa wanakamatwa barabarani na kupelekwa mashambani, na haikuchukua muda wengi wakaonekana tena mitaani.

Mama mkwe wangu, ambaye alihamishiwa kijijini akiwa binti, nilimuuliza kwa nini wao walibaki wakati majirani waliondoka. Akafikiri, akasema: "Mwanangu, baba yako alinipandia mgomba nyuma ya nyumba. Hakuniambia kitu. Nilikuwa nimelilia migomba yangu ya kule." Migomba ya kijiji kizima isingekuwa na maana kwake. Huu mmoja ulionyesha kuwa kuna mtu aliyemsikia.

WATOTO WA MARS

Sasa usidhani hesabu yangu ilikuwa nyepesi, nabeba makochi naondoka. Katika lile gemu la Mars, walowezi wanaotoka Duniani wanaweza kushikwa na hamu ya kurudi. Lakini mtoto aliyezaliwa Mars hashikwi na hamu hiyo kamwe. Arudi wapi? Kwao ni pale.

Mtoto wetu wa kwanza amezaliwa 2015, mwaka mmoja baada ya kuhamia pagaleni. Nilipomchokoza, "Ukiambiwa tuhamie Sinza utafurahi?" akaniuliza, "Kuna mwembe?" Nikamwambia kuna duka la aiskrimu karibu. Akafikiri, akaniuliza tena, "Na mwembe tunaubeba?"

Kuna na gemu jingine, Banished, la mwaka 2014, ambalo limenifundisha kuhusu vijana. Humo usipojenga nyumba mpya, vijana wanabaki kwa wazazi wao, hawaanzishi familia, watoto hawazaliwi, na kijiji kinazeeka mpaka kinakufa ingawa ghala limejaa. Nimewakumbuka wachumba wangapi wanaotuandikia, wamekwama miaka kwa sababu hawana pa kuanzia, wazazi wanauliza harusi lini huku chumba hakuna! Mapenzi yanahitaji mlango wa kufunga, hata kama ni wa pagale la Kimara. Kwa hiyo siwezi kuwaambia vijana wasije huku. Njooni. Ila mje mkiwa mmeongea.

KABLA ROKETI HAIJATUA

Basi, kwa yote niliyoyaona, naomba nikuachie haya matano:

1. Uliza mapema. Roketi ikishatua umechelewa. Swali la "una tatizo gani?" linamfanya mtu ajitetee. Muulize hivi: "Siku yako ya kawaida inakuwaje, kuanzia unapoamka?" Halafu nyamaza usikilize mpaka mwisho.

2. Ishi siku yake moja. Kama yeye ndiye anayesafiri, safiri naye. Kama yeye ndiye anayeshinda nyumbani na watoto, shinda wewe. Siku moja tu inatosha, utaacha kusema "nimkoseshee nini".

3. Tafuta mgomba wake. Usimnunulie kitu unachokipenda wewe. Kila mtu ana kitu kimoja alichokiacha alikotoka na hajasema. Inaweza kuwa dirisha la jiko, kwaya, au Jumamosi ya kwenda kwa mama yake.

4. Mwe na kitu ambacho hakijaisha. Nyumba ikikamilika anzisheni jambo lingine la kupanga pamoja, hata kama ni banda la kuku. Wawili wasio na mpango huwa wanaanza kuhesabiana makosa.

5. Kuondoka si dhambi, kuondoka kimya ndiyo kosa. Marafiki zetu wawili wa Temboni walipangisha nyumba yao mwaka juzi, wakaenda kupanga Mwenge karibu na kazi zao. Watu wakasema wameshindwa maisha. Leo jioni wanatembea pamoja na mtoto wao, na mimi nimewaona wakicheka. Wao waliondoka wakiwa wameshikana mikono. Msikubali nyumba iwaweke mateka wakati mliijenga ili iwatunze.

SASA NYUMBANI KWANGU

Nilimwambia. Jumapili baada ya chakula, nikiwa natetemeka kidogo, nikamwambia habari ya dalali. Hakufoka. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikatamani angefoka. Kisha akasema kitu kimoja: "Kwa hiyo ulikuwa unaondoka na watoto?"

Nikamwambia sijui. Na ilikuwa kweli, nilikuwa sijui. Kile ndicho kilichonitisha mimi mwenyewe.

Jumatatu akaomba ruhusa kazini kwake. Saa kumi alfajiri nikamkuta amevaa. Tukapanda bonde gizani, tukasimama kwenye foleni, tukasimama ndani ya basi mpaka Kivukoni, yeye ameshika bomba la juu, mimi nimeegemea kifuani kwake kama wachumba. Akanisindikiza hadi mlango wa ofisi. Jioni akanifuata tukarudi wote. Pale lilipokuwa duka la yule mama, akapunguza mwendo, akaniuliza, "Hapa ndipo ulipokuwa unanunua mkate?" Miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

Hatujahama. Lakini pia sijasema hatutahama. Tumepanga mpaka mwisho wa mwaka wa shule, halafu tunakaa mezani tena. Hadi hapo, yeye ndiye anayewapikia watoto uji wa asubuhi na kupanga chakula cha jioni, ili nikifika saa mbili nikae mezani, wao wawe wamenisubiri, tule wote. Mimi nimeomba kazini niwe naingia na kutoka mapema siku mbili za wiki. Na kila Jumamosi jioni kuna wanawake wanne wa mtaani wanakuja barazani kwangu. Tumeanzisha upya vikoba. Chai natengeneza mimi.

Kwenye gemu lake mume wangu ameongeza kuba jipya. Hakuna mashine hata moja humo ndani, ni bustani, duka na mahali pa kukaa. Juzi roketi ilitua, nikamsikia anashusha pumzi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Wameondoka wawili," akasema. "Wengine wamebaki."

Mpenzi msomaji, na huyo uliye naye, kama roketi ingetua leo usiku nje ya nyumba yenu, angepanda? Kama hujui jibu, usimalizie gazeti. Lifunge, nenda ukamuulize.

Hadi mwezi ujao panapo majaaliwa, tukutane hapa hapa. Pendaneni!